Usije ukawa wewe ndiye unayeambukiza: kwa fundi kompyuta anayeanza

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilisafisha kompyuta ya mteja mmoja asubuhi, mchana nikasafisha ya mwingine. Jioni yule wa mchana akanipigia simu: kila programu anayobofya inagoma, na asubuhi ilikuwa inafunguka. Alinilipa nimtibu, nikamwambukiza. Kirusi chenyewe kilikuwa Sality, kile kinachojipenyeza ndani ya mafaili ya exe (mafaili ya programu). Na flashi yangu ilikuwa na nini? Mafaili ya exe matupu, yaani antivirusi zangu zenyewe. Kirusi kiliingia ndani ya dawa, nami nikaibeba dawa hiyo hadi kwa mgonjwa wa pili.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla hujaniuliza antivirusi ipi ya kubeba ni kali, tuanze na flashi. Tafuta flashi yenye swichi ya kuzuia kuandikwa. Hazipatikani kirahisi, lakini zipo. Kadi ya SD nayo ina kikufuli pembeni, ila usikiamini sana: kinachozuia ni kisomaji, kadi yenyewe haizuii chochote, na kuna visomaji visivyojali kikufuli hicho. CD iliyokwisha kuchomwa haiambukizwi kabisa, shida ni kwamba kompyuta nyingi za sasa hazina pa kuitia. Ukikosa vyote, weka sheria moja na uifuate hata ukiwa na haraka: flashi iliyotoka kwenye mashine ya mgonjwa haiingii kwenye mashine nyingine mpaka ifomatiwe. Programu zenyewe utazinakili upya kutoka kwenye kompyuta yako. Mimi nafomati kwenye laptopu yenye Linux, kwa sababu kirusi cha Windows hakina la kufanya pale.

Ukiwa na shaka na faili la antivirusi yako, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye sifa za faili, utazame saini ya kidijitali ya kampuni. Faili likiguswa na kirusi, saini haikubali tena. Kulikagua kunachukua nusu dakika.

Sasa zana zenyewe. Kwenye flashi yangu huwa kuna Kaspersky Virus Removal Tool, Dr.Web CureIt!, Emsisoft Emergency Kit na Microsoft Safety Scanner. Ya tano ni AdwCleaner, kwa ajili ya takataka za matangazo kwenye vivinjari. Zote hazisakinishwi, kwa hiyo hazigombani na antivirusi iliyomo. Wageni wengi hukosea hapa: wanapakua mara moja na kutembea na flashi ileile miezi sita. Safety Scanner hukataa kazi siku 10 baada ya kupakuliwa. Ya Kaspersky na CureIt! hazijisasishi, lazima upakue toleo jipya. Emsisoft ndiyo inayojisasisha yenyewe ukiwa na intaneti, na ndiyo maana naipenda kwa kazi za dharura. Soma pia masharti ya leseni. CureIt! ni ya bure kwa mtu anayetibu kompyuta yake ya nyumbani. Ukiitumia kumtoza mteja, unatakiwa kuwa na leseni ya kulipia. Mafundi wengi hawataki kulisikia hili.

Ukifika kwenye mashine, usikimbilie kuskani. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi. Muulize mwenye kompyuta mafaili gani akiyapoteza atalia, uyanakili kwanza, nyaraka na picha tu, exe hata moja usiguse. Ukikuta mafaili yamefungwa na kuna ujumbe wa kudai fidia, simama hapohapo. Antivirusi itamwondoa mhalifu lakini haitayafungua mafaili. Tunza ule ujumbe na mafaili mawili matatu yaliyofungwa, kisha uangalie mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, kama kuna ufunguo wa aina hiyo. Mara nyingine upo.

Baada ya hapo iwashe Windows katika hali salama: shikilia Shift huku ukibofya kuwasha upya, kisha ufuate menyu hadi kwenye mipangilio ya kuwaka, uchague namba 4. Kompyuta ikikataa kuingia hali salama na kukupa skrini ya bluu, hiyo nayo ni dalili. Sality hufuta sehemu ya rejista (daftari la mipangilio ya Windows) inayoendesha hali hiyo ili usipate pa kusimama.

Skani kwa zana moja, ikimaliza ndipo uanze nyingine. Na orodha ya matokeo uisome. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho moja la McAfee liliitangaza svchost.exe, faili halali la Windows XP, kuwa kirusi. Kompyuta nyingi zikabaki zinazima na kuwaka zenyewe. Kama kampuni kubwa iliteleza hivyo, wewe usibofye «futa zote» ukiwa unaongea na simu. Kirusi kikiwa ndani ya faili la programu, chagua kutibu kwanza. Usichokifahamu kipeleke karantini, maana huko kinarudishika.

Kuna virusi vinavyoijua antivirusi kwa jina na kuizima ikifunguka tu. Badilisha jina la faili, liite chochote, CureIt! yenyewe huja na jina la kubahatisha kwa sababu hiyohiyo. Ikishindikana, tibu ukiwa nje ya Windows: Kaspersky Rescue Disk, au Microsoft Defender Offline inayoiwasha kompyuta upya na kuskani kwa kama dakika 15. Lakini kabla ya kuwasha kwa diski ya nje au kugusa BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), uliza kama BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski yote, imewashwa na ufunguo wake wa akiba uko wapi. Nimewahi kukaa saa tatu mbele ya skrini inayodai tarakimu 48 ambazo mwenye kompyuta hakuwahi kuzisikia.

Kesi utakayokutana nayo mno ni flashi ya mteja iliyojaa shotikati, vile vialama vya njia ya mkato. Anakuambia kazi zake zimefutika. Angalia nafasi iliyotumika: kama inaonyesha GB 6 wakati unaona shotikati nne, mafaili yapo, yamefichwa tu. Safisha kompyuta kwanza, la sivyo yatarudi kufichwa ukiwa unatazama. Kisha fungua kidirisha cha amri uandike hivi, ukiweka herufi ya flashi husika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Futa zile shotikati na faili lolote la vbs au js (mafaili ya amri zinazojiendesha) usilolijua. Ukikuta folda isiyo na jina, usiifute! Mara nyingi mali yote imehamishiwa humo.

Skani ikirudi safi bado kazi ipo. Fungua Autoruns, programu ya Microsoft, uone kinachojiwasha kompyuta ikiwaka, pitia kazi zilizoratibiwa na viongezi vya kivinjari. Intaneti ikigoma baada ya kusafisha, tazama mipangilio ya proksi, yaani seva ya kati inayopitisha intaneti. Kirusi huondoka kikaiacha. Kwenye kidirisha cha amri piga sfc /scannow, ili Windows ikague na kurekebisha mafaili yake. Hakikisha antivirusi ya kudumu inafanya kazi, maana hizi za kwenye flashi hazilindi, ukizifunga zimelala. Pasiwedi zibadilishwe kutoka kwenye kifaa kingine.

Na kama zana mbili zimepita na ya tatu bado inaokota mamia ya exe, acha ushujaa, fomati. Mteja atanuna kidogo, lakini hatarudi Jumatatu na tatizo lilelile.

Siku hizi nina mifuko miwili kwenye begi. Wa kulia ni wa flashi zilizofomatiwa, wa kushoto ni wa zilizotoka kazini. Nikifika nyumbani, hata usiku wa manane, wa kushoto hauvuki hadi asubuhi ukiwa na kitu.