Pikipiki ya zamani kukosa nguvu kwenye kupanda

Kaka, umesema 125 yako ya mwaka 2009 inakimbia vizuri hapa mjini Goma, lakini ukipakia mtu na kuanza kupanda inazubaa, na fundi anataka kufungua injini. Mzuie kwanza.

Toa buji (plagi) uitazame. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, injini inapata esansi (petroli) nyingi kuliko hewa. Anza na filtri ya hewa, maana vumbi letu la mawe ya volkano halina huruma. Yangu niliigonga kwenye kiatu, ikamwaga unga mweusi kama wa makaa.

Ikiwa nyeupe, esansi haifiki ya kutosha. Safisha jikleri ya karbirateri, kile kitundu kinachopitisha esansi, hasa kama unanunua kwa kadafi, wale wauza esansi wa barabarani, maana vidumu vyao vinaficha mengi. Halafu kuna kitundu cha hewa cha kifuniko cha tanki, nacho huziba. Pikipiki ikianza kuzimika, fungua kifuniko: ukisikia "fsss" na nguvu ikarudi, shida ni hiyo tu.

Buji iliyolowa oili ndiyo habari mbaya. Pima kompresyo (mgandamizo ndani ya silinda), mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la buji, pima tena. Ikipanda, segma (ringi za pistoni) zimekwisha. Isipopanda, angalia valvu. Mara nyingine ni kurekebisha nafasi yake tu, injini ikiwa baridi.

Zungusha pia gurudumu la nyuma kwa mkono, labda freni inakamata. Ila usitegemee miujiza: tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hata pikipiki mpya hupungukiwa hapa.

Buji yako ina rangi gani?