Hajasahau mpira, amerefuka

Mwanangu ana miaka 13. Mwaka jana alikuwa akipiga danadana mpaka mtaa unasimama. Sasa anajikwaa, pasi hazifiki, kocha anamweka benchi. Au amerogwa? (Mama, Tabora)

Hajarogwa, mama. Suruali uliyomnunulia Januari inamfika wapi leo? Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kuliko wakati wowote wanapokaribia miaka 14, wasichana karibu na miaka 12, na miguu hutangulia, kiwiliwili kinafuata. Ubongo wake ulijifunza kupiga mpira kwa mguu mfupi na mwepesi. Mguu huo haupo tena. Hesabu zote lazima zipangwe upya, kazi inayoweza kuchukua miezi, nazo hupangwa uwanjani, si benchi. Arudie mambo ya msingi: kupokea mpira, kugeuka, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka kamba. Akilalamika maumivu kwenye mfupa ulio chini kidogo ya goti, mpunguzie kukimbia na kuruka. Akichechemea, mpeleke hospitali, si kwa jirani mwenye mafuta ya kuchua.

Nimpe dawa gani mtoto wa miaka 11 awe mwepesi?

Hakuna. Kila wiki naulizwa hili, na hakuna anayeniambia mtoto anakula nini wala analala saa ngapi. Mpe dagaa, maharage na mchicha, mlaze mapema, mfungulie geti akacheze.

Ni kweli kunyanyua vyuma kunadumaza?

Si kweli, ilimradi uzito uwe mdogo na asimamiwe na mtu mzima anayejua kazi yake. Aanze na pushapu. Ajabu ni kwamba mzazi anayeogopa vyuma humtwisha mtoto huyohuyo ndoo ya lita 20 kila asubuhi.

Natafuta vipaji vya miaka 12. Niangalie nini? (Kocha, Morogoro)

Chochote isipokuwa kimo. Watoto wawili wa darasa moja, wa umri mmoja, mifupa yao inaweza kupishana ukomavu kwa miaka kadhaa. Aliyewahi kubalehe anawapita wenzake kwa mabega, wewe unaita kipaji. Wakifika miaka 17 wenzake wamemfikia kimo, na yeye ufundi hana, maana hakuwahi kuuhitaji. Yule mdogo mwenye jicho la pasi, uliyemwambia "kakue kwanza", ameshaacha mpira. Tazama pia tarehe za kuzaliwa: wa Januari na wa Desemba wanahesabiwa mwaka mmoja, ilhali mmoja amemtangulia mwenzake karibu miezi 12.

Na kwa kuwa umenichokoza: vijeba, yaani wachezaji wanaodanganya umri. Ili kuwanasa, FIFA ilianza kupima vifundo vya mikono kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, haihitaji mashine hiyo. Mwalimu aliyemwandikisha mtoto anaujua umri wake, na kijeba mmoja uwanjani huwafundisha watoto 10 kukimbia mpira.

Binti yangu wa miaka 12 hataki michezo tena. Ni uvivu?

Kabla ya kumwita mvivu, muulize kama ana sidiria inayomshika vizuri na kama choo cha shule kina maji na mlango. Akichoka haraka, apimwe damu, kwa kuwa hedhi ikianza madini ya chuma hupungua. Kisha jiulize mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akicheza rede mpaka magharibi: kurusha, kukwepa, kubadili mwelekeo ghafla, mazoezi ambayo makocha wanayalipisha. Nani alimwambia ameshakuwa mkubwa, ashike ufagio? Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Halikuandika "wavulana".

Darasa la saba hawana kipindi cha michezo. Tufanyeje?

Kipo kwenye ratiba. Muulizeni mwalimu mkuu nani anakitumia kufundishia hisabati.