Ukitaka kutengeneza DVD, anza na folda

Nimetengeneza DVD nyingi za video, na kazi iliyoniumiza kuliko zote haikuharibikia kwenye kuhariri wala kwenye kuchoma diski. Iliharibikia kwenye mpangilio wa faili.

Ilikuwa DVD ya mahafali. Niliikabidhi, wenyewe wakaipenda, nami nikanakili folda ya mradi kwenye diski ya nje ili nipate nafasi kwenye kompyuta. Kabla ya kufuta ile ya mwanzo nilifungua mradi kutoka kwenye nakala, nione kama uko salama. Ukafunguka vizuri. Menyu ikaja na picha yake, muziki ukalia. Nikafuta ya mwanzo, na siku chache baadaye nikasafisha eneokazi na folda ya vipakuliwa. Mwaka ukapita, wale watu wakarudi: jina moja kwenye menyu limekosewa herufi, na wanahitaji nakala zaidi zenye jina sahihi. Nikajua ni kazi ya dakika kumi. Nilipofungua mradi, programu ikaanza kuniuliza faili moja baada ya nyingine ziko wapi. Picha ya menyu haipo. Muziki haupo. Video yenyewe ilikuwemo kwenye diski ya nje, ila programu iliitafuta mahali ambapo haikuwepo tena.

Naomba uelewe kilichotokea, maana kinawapata wengi. Faili ya mradi wa DVD kwa kawaida haibebi video, picha wala sauti ndani yake. Inabeba njia tu, yaani anwani ya kila faili ulikoiweka siku ile. Ndiyo maana ni ndogo sana hata kama video zako zinajaza gigabaiti 20. Siku ile nilipoijaribu nakala, programu haikugusa faili zilizonakiliwa. Ilifuata njia zilezile za zamani, ikazikuta faili za mwanzo bado zipo, ikazionyesha. Kumbe nilikuwa naangalia vitu vilevile nilivyokuwa nakaribia kuvifuta. Picha ya menyu niliitoa kwenye eneokazi, muziki kwenye vipakuliwa. Vyote viwili havikuwahi kuwamo kwenye folda ya mradi. Nilikaa usiku tatu nikiijenga menyu upya huku nikiitazama diski ya zamani kwenye televisheni ili niige rangi na mahali pa kila kitufe.

Tangu hapo, kabla sijafungua programu yoyote, natengeneza folda moja ya kazi na kuipa jina linaloanza na tarehe: mwaka, mwezi, siku, kisha jina la kazi, mfano 2023-11-25_mahafali. Tarehe ikiandikwa hivyo, kompyuta inazipanga kazi kwa mfuatano wake yenyewe. Ndani yake kuna folda ndogo zenye namba: 01_ghafi kwa video kama zilivyotoka kwenye kamera, 02_mpeg, 03_sauti, 04_menyu, 05_manukuu, 06_mradi, 07_towe na 08_iso. Weka sifuri mbele ya namba, kwa sababu programu nyingine zinapanga 10 kabla ya 2. Kwenye majina siweki nafasi wala alama za ajabu, na natumia herufi ndogo tupu. Kuna mifumo inayoona Menyu na menyu kuwa vitu viwili tofauti, na mradi ukihamia huko viungo vinakatika.

Sheria ninayoishikilia kuliko zote ni hii: hakuna kinachoingia kwenye programu kabla hakijakaa kwenye folda yake. Ukipata picha nzuri ya menyu, inakili kwanza kwenye 04_menyu, ndipo uilete kwenye mradi. Na ikishaingia, usiibadilishe jina wala kuihamisha. Ukiirekebisha, hifadhi toleo jipya kwa namba, menyu_kuu_v02, menyu_kuu_v03. Neno “mwisho” usiliweke kwenye jina la faili; kazi ikirudi na marekebisho litakuchanganya.

Folda ya 02_mpeg inastahili maelezo zaidi. DVD ya video inataka video iliyobanwa kwa muundo wa MPEG-2, yenye ukubwa wa 720×576 kwa fremu 25 kwa sekunde ukitumia PAL, au 720×480 kwa fremu 29.97 ukitumia NTSC (PAL na NTSC ni mifumo miwili ya televisheni), na sauti yake iwe ya kHz 48. Video iliyogeuzwa kwa PAL ikichanganyika na ya NTSC kwenye folda moja, utaumia baadaye, kwa hiyo mimi naandika pal au ntsc kwenye jina la faili lenyewe. Naandika pia kasi ya biti, yaani kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde. Diski ya tabaka moja ina baiti bilioni 4.7, ingawa kompyuta nyingi zitakuonyesha gigabaiti 4.38 hivi kwa sababu zinahesabu kwa 1024. Ili video ya saa mbili ikae humo, picha na sauti kwa pamoja zisizidi kama megabiti 5 kwa sekunde, na hapo menyu bado hujaipa nafasi. Ukiona jina kama sherehe_pal_4500, yaani kilobiti 4500 kwa sekunde, miaka miwili baadaye unajua mara moja ulifanya nini.

Yale yasiyoingia kwenye majina nayaandika kwenye faili ya maandishi ya kawaida, soma.txt, inayokaa juu kabisa ya folda ya kazi: uwiano wa picha, fonti ya menyu, programu niliyotumia na toleo lake, na nyakati za kila sura, yaani pale kila kipande cha video kinapoanzia. Nyakati za sura ndizo watu husahau. Kuzitafuta upya kwa macho kwenye video ya saa mbili ni mateso. Na fonti yenyewe, kama leseni yake inaruhusu, iweke ndani ya 04_menyu.

Folda ya 07_towe iwe tupu kila unapotoa DVD upya. Programu kama dvdauthor, ikikuta matokeo ya zamani kwenye folda hiyo, inaongeza ya kwako mapya juu yake badala ya kuyafuta, na diski inatoka na vitu usivyovitarajia. Ikimaliza utaiona folda ya VIDEO_TS, na ndani yake faili za IFO (maelezo ya mpangilio wa diski), BUP na VOB (video na sauti yenyewe). Usizibadilishe majina hata kidogo. Kicheza DVD kinazitafuta kwa majina hayohayo. BUP ni nakala rudufu ya IFO, usiifute ukidhani ni marudio. VOB nazo hukatwa zikikaribia gigabaiti moja, ndivyo mfumo wa DVD unavyotaka.

Kutoka hapo natengeneza ISO, yaani faili moja iliyo nakala ya diski nzima, na kuichoma. ISO ndiyo inayonisaidia mtu akitaka nakala nyingine isiyo na mabadiliko, sina haja hata ya kufungua mradi. Angalia tu diski ya nje unakoihifadhi: ikiwa imepangwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, haipokei faili inayofika GB 4, na ISO ya diski iliyojaa inapita hapo.

Sasa jaribio lenyewe, lile nililolikosea. Nakili folda nzima ya kazi kwenye diski ya nje. Kisha badilisha jina la folda ya mwanzo kwenye kompyuta, ongeza herufi moja tu mwishoni, ili njia za zamani zife. Ndipo ufungue mradi kutoka kwenye nakala. Programu ikilalamika kuhusu faili zote, imeshika njia kamili za zamani: ielekeze kwenye folda mpya, hifadhi mradi, ufungue tena. Programu ya DVDStyler, kwa mfano, inaandika mradi wake kwa XML, ambayo ni maandishi yanayosomeka, kwa hiyo unaweza hata kuufungua kwa kihariri cha maandishi na kubadilisha njia zote kwa mkupuo mmoja. Ikilalamika kuhusu faili moja au mbili, hizo ndizo ulizoziacha nje ya folda. Zitafute saa hiyohiyo, bado unakumbuka ulizitoa wapi.