Mama amechomwa sindano ya tezi ya shingo, sasa anataka kurudi shambani
Dada, pole na kuuguza. Hilo doa la bluu ulilosema liko shingoni mwa mama na maumivu anapomeza mate ni kawaida baada ya sindano ya kuchukua chembe za tezi, mara nyingi hupungua ndani ya siku 1 au 2. Mpe panadol, mkande kwa barafu iliyofungwa kitambaani dakika 10 hadi 15. Brufeni, diklofenaki na aspirini za dukani aziache leo na kesho, zinaweza kufanya damu ivuje. Ila kama aspirini aliandikiwa kwa ajili ya moyo, asiikatishe bila kumuuliza daktari wake.

Kula na kuoga, ruksa. Ninachokusihi ni korosho: najua msimu umepamba moto, lakini asinyanyue gunia wala kujitwika ndoo mpaka keshokutwa. Majirani watasaidia.

Shingo ikizidi kuvimba, akapumua au kumeza kwa shida, msisubiri kuche wala msianze safari ya Mtwara. Mkimbizeni hospitali ya Mkomaindo hapo hapo Masasi. Homa au usaha, vilevile apelekwe. Na majibu ya kipimo cha chembe hizo yakichelewa, yafuatilieni wenyewe.