Mashine pepe ikigoma kuwaka: jua kwanza aliyeanguka ni mwenyeji au mgeni

Umeme ulikatika usiku nikiwa nimeshafunga duka hapa Mwanga, Kigoma, na laptopu nimeiacha inafanya kazi. Betri ya laptopu ile ni pambo tu, ukichomoa waya haimalizi dakika 5. Asubuhi nikaiwasha, Windows ikaja vizuri kama hakuna kilichotokea. Nikafungua VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kufikirika (mashine pepe) ndani ya kompyuta ya kweli, nikawasha mashine pepe ya Ubuntu, aina ya Linux, niliyoiita "dagaa". Ikahema sekunde chache, kioo kikajaa maandishi meupe kwenye weusi, kisha kimya.

Jina la dagaa lina sababu. Ndani ya mashine ile kuna daftari la mama mmoja wa Kibirizi anayenunua dagaa mwaloni na kuwapandisha treni. Kununua anarekodi kwa simu, mimi naingiza kwenye mfumo mdogo niliomtengenezea, na siku za mbalamwezi, mitumbwi inapokuwa imepumzika kwa sababu taa haziwavuti dagaa kwenye mwanga ule, ndipo anapofanya hesabu na wenye mitumbwi. Mbalamwezi ilikuwa imebaki siku tatu.

Nilichofanya kwanza naona aibu kukisema. Nikadhani mashine imezidiwa, nikaiongezea RAM kutoka GB 2 hadi 6, kwenye laptopu yenye GB 8. Mashine pepe ikaanguka palepale, safari hii na Windows nayo ikaanza kukokota hadi mshale wa mausi unaruka kama chura. Nikapunguza. Nikabadilisha mambo ya picha. Nikaongeza prosesa. Nilikuwa karibu kabisa kufuta kila kitu nipige Ubuntu upya, ndipo kijana aliyekuwa field dukani kwangu akaniuliza, "Kaka, kwani imeandika nini?"

Sikuwa nimesoma. Saa nzima natibu, mgonjwa hajaulizwa anaumwa wapi.

Basi ukikutwa na balaa hili, anza na swali moja: dirisha la mashine pepe linafunguka au halifunguki? Hapa kuna kompyuta mbili. Kuna mwenyeji, yaani laptopu yenyewe na Windows yake, na kuna mgeni, yaani Linux iliyokaribishwa ndani. Dirisha likikataa kabisa kufunguka, au VirtualBox ikakutupia kisanduku chenye kosa linaloanza na VERR, mgeni wala hajafika mlangoni. Usimguse. Tatizo liko kwa mwenyeji. Lakini dirisha likifunguka, ukaona menyu ya GRUB (programu inayoiwasha Linux) au maandishi ya Linux ndipo mambo yakafa, mwenyeji kafanya kazi yake, anayeumwa ni mgeni. Kosa langu lilikuwa kumpa mgeni dawa ya mwenyeji.

Upande wa mwenyeji sitakaa sana maana makosa yake yanajieleza. Ukiona VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED au VERR_SVM_DISABLED, uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe umezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya laptopu inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Wa Intel unaitwa VT-x, wa AMD unaitwa AMD-V au SVM. HP nyingi unaingia kwa F10, Dell kwa F2. VERR_DISK_FULL inamaanisha diski ya mwenyeji imejaa, futa filamu zako. Na kama umeme ulikatika ukakuta VirtualBox inasema mashine haifikiki, ingia kwenye folda yake: faili la .vbox linaweza kuwa limeharibika, lakini pembeni yake huwa kuna pacha wake anayeishia na .vbox-prev. Hamisha lile bovu, mpe pacha jina la .vbox. Hilo peke yake limeokoa mashine mbili za wateja wangu. Mengine yote yanaandikwa kwenye VBox.log, ndani ya folda ya Logs. Lifungue kwa Notepad na usome kuanzia mwisho ukipanda juu.

Na yule kobe wa kijani anayekaa kona ya chini ya dirisha? Anakuambia Hyper-V, mfumo wa Windows yenyewe wa mashine pepe, imeshika prosesa, na VirtualBox inapita mlango wa nyuma. Mara nyingi mashine inawaka hivyohivyo, ila taratibu. Wengine wanaangushwa naye kabisa. Kumwondoa, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, zima laptopu uiwashe upya. Akiendelea kuonekana, kazime na Memory Integrity kwenye mipangilio ya usalama ya Windows. Kama unatumia WSL2 (Linux inayokaa ndani ya Windows), jua kwamba itagoma mpaka urudishe.

Sasa mgeni. Kabla hujamgusa, nakili. Zima mashine pepe kabisa, isiwe imehifadhiwa katikati, kisha chukua folda yake nzima uitie kwenye diski ya nje. Folda nzima, si faili la .vdi (diski ya mgeni) peke yake, kwa sababu kama umewahi kupiga snapshoti, yaani kuhifadhi hali ya mashine ili uweze kuirudia, sehemu ya data yako iko kwenye folda ya Snapshots na haisomeki bila mwenzake. Kwa sababu hiyohiyo, snapshoti si nakala ya akiba. Inakaa kwenye diski ileile na inaegemea faili lilelile. Yangu ilikuwa GB 14, kwa tundu la USB la zamani ikachukua karibu nusu saa. Katikati mama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Daftari langu limeamka?"

"Bado mama, nalipigia picha kwanza."

"Haya. Ila usilipige mpaka lipasuke."

Nakala ilipokamilika ndipo nikasoma. Mstari wa mwisho uliandika: Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0). Kwa lugha ya dukani, kerneli, yaani kiini cha Linux, imeamka, ikatafuta diski yenye mfumo, haikuona chochote. Zile sifuri mbili ndizo za kuangalia. Haisemi diski imeharibika. Inasema hakuna diski niliyoijua. Na kerneli ya Ubuntu huijua diski kwa kusaidiwa na faili linaloitwa initrd, furushi la madereva (programu za kuendesha vifaa) linalopakiwa pamoja nayo mwanzoni kabisa. Hasa ukiwa umesakinisha Ubuntu Server kwa LVM (mpangilio wa kugawa diski) kama mimi, bila furushi hilo haifiki popote.

Kama maandishi yanakimbia kabla hujayasoma, rekodi video kwa simu, halafu icheze polepole na uisimamishe. Sisi ndivyo tulivyofanya kuona mistari ya juu, kichwa changu na cha kijana juu ya simu moja. Kuna njia ya kisomi zaidi, kuipa mashine pepe serial port inayoandika kwenye faili na kuongeza console=ttyS0 kwenye mstari wa kerneli, lakini kwa siku ya kwanza simu inatosha.

Hatua iliyofuata ni kuwasha kwa kerneli ya zamani. Ubuntu huwa haifuti ya zamani mara tu mpya inapoingia, sababu ni siku kama hizi. Bofya ndani ya dirisha, shikilia Shift mara mashine inapowaka. Kama uliisakinisha kwa EFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta badala ya BIOS), tumia Esc, mguso mmoja tu. Ukiigonga Esc kwa hasira utajikuta kwenye grub>, hapo andika normal, bonyeza Enter, ukafuatishe Esc upesi. Menyu ikitokea chagua "Advanced options for Ubuntu". Zangu zilikuwa mbili, zote zinaanza na 5.15.0, tofauti ni namba ya mwisho. Nikashuka kwenye ile ndogo, nikabonyeza Enter.

Ikawaka.

Nikaandika ls -lh /boot. Hapo ndipo mwizi alipoonekana. Initrd ya kerneli ya zamani ilikuwa na MB 100 na kitu. Ya kerneli mpya ilikuwa na jina zuri, tarehe ya jana usiku, na uzito wa 0. Ubuntu Server hujiwekea yenyewe masasisho ya usalama. Usiku ule ilikuwa inaweka kerneli mpya, ikaandika faili, umeme ukaenda kabla maandishi hayajafika kwenye diski ya kweli. Na VirtualBox ina lake: kwa kawaida mgeni akiomba "mwaga sasa hivi diskini", ombi hilo hupuuzwa ili kazi iende haraka. Umeme ukiwa wa uhakika hulioni. Huku kwetu unaliona.

Dawa ilikuwa mistari michache: df -h /boot kuhakikisha nafasi ipo, sudo dpkg --configure -a kumalizia usakinishaji ulioachwa njiani, sudo update-initramfs -u -k all kutengeneza mafurushi upya, kisha sudo update-grub. Nikaangalia tena uzito kabla ya kuwasha upya. Usiwashe upya bila kuangalia. Kama df ingeonyesha asilimia 100, ningeanza na sudo apt autoremove kuondoa kerneli za kale, kwa sababu furushi haliingii kwenye chumba kilichojaa.

Ukikuta alama tofauti na yangu, usifuate dawa yangu. Ukiishia kwenye (initramfs), mara nyingi diski imeonekana ila mfumo wa faili una majeraha. Maandishi ya juu yake yatakutajia sehemu yenyewe, mfano /dev/sda2, nawe unaandika fsck -y na jina hilo. Ukiangukia kwenye emergency mode, mara nyingi ni /etc/fstab (faili lenye orodha ya diski) inasubiri diski uliyoichomoa: weka alama ya # mbele ya mstari huo, au uongeze nofail. Ukiona "No bootable medium found", angalia kama mtu kagusa kisanduku cha EFI kwenye mipangilio ya mashine pepe. Kioo cheusi baada ya GRUB, zima 3D kwenye mipangilio ya Display na uhakikishe Graphics Controller ni VMSVGA.

Mama alipata hesabu zake mbalamwezi ikiwa haijafika. Masasisho nimeyaacha yajiwekee, ila kwa saa ambayo nipo dukani. Na juu ya laptopu tumebandika karatasi yenye mstari mmoja, VBoxManage controlvm dagaa acpipowerbutton, ambao kijana anauandika mara taa zinapozima. Unamgonga mgeni begani ajizime mwenyewe kwa adabu. Tumepima: sekunde 11, na betri yetu ya pambo inazo.