Mzee mwenzangu, hela ya ng'ombe wa Krismasi usiitume!

Weka simu chini kwanza! Nimesoma maswali yako ya kwenda kula Krismasi Moshi, ya usafiri, rangi ya kupaka nyumba na ng'ombe, mpaka pale ulipoandika "mpwa wangu wa Kibosho atanunua dume sasa hivi Septemba, amnenepeshe kihambani (shamba la nyumbani) hadi Krismasi", chai ikanipalia.

Maneno hayo hayo aliniambia mstaafu mwenzangu mmoja, mjuaji kweli kweli: Desemba Wachaga wote wako Moshi, bei inapaa, mwenye akili ananunua mapema. Hesabu ikanoga. Nikamtumia mpwa wangu laki tisa, na kila mwezi hela ya pumba na mashudu. Dawa ya minyoo nayo, maana ng'ombe wa hela ya pensheni haishi kuumwa. Kila Jumapili picha WhatsApp: dume jekundu lenye baka jeupe usoni, linakula kwenye pipa la bluu lililopasuliwa katikati. Wajukuu wakampa na jina.

Nafika tarehe 22, bandani kuna kuku na baiskeli mbovu. Dume lipo, tena limenona, kwa jirani! Na pipa lake la bluu. Mwenyewe ananiambia alikuwa anashangaa kijana wetu anavyopenda kupiga picha ng'ombe wake. Mpwa? "Yuko Holili kule mpakani, kikazi." Hadi leo yuko kikazi. Dada yangu, mama yake, ananisihi nisiharibu sikukuu kwa ajili ya mnyama. Mnyama yupi, dada?

Tukala mbuzi wa mnada wa Weruweru, bei ya wiki ya Krismasi, ile mnayoiita wizi. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ilitoka safi, na kisusio, ile supu ya damu, kikatosha mpaka kwa waliokuja "kunipa pole" wakicheka chini chini. Na huyo mbuzi wa bei ya wizi hakufika hata robo ya hela niliyotuma kwa lile dume la picha.

Mnyama nunua mwenyewe, wiki ile ile, ukiwa umeshika kamba, na alale kwako. Anayekwambia utaokoa hela, mwambie atangulize ya kwake. Hata ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, mpelekee mpishi kwa mkono wako.

Uliuliza nini tena? Basi au gari dogo... kata tiketi ya basi mapema, barabara ya Moshi Desemba si ya macho yetu haya. Rangi ya nyumba watakujibu wengine.

Sasa nijibu wewe: hela umeshatuma au bado?