Geti la milango miwili: lipime likiwa wazi, sio likiwa limefungwa

Mwezi mmoja tu baada ya kuhamia kwetu huku Muyeye, Malindi, lori la maji lilikaa nje ya geti langu karibu robo saa, linaenda mbele linarudi nyuma, taniboi kaning'inia mlangoni anapigapiga ubavu wa lori "kata, kata, kata yote!", majirani washatoka kuangalia, na mwisho dereva akashuka akatazama nguzo zangu akanambia, "Mama, hapa hapaingii." Basi ikabidi mpira uvutwe kutoka barabarani mpaka kwa tangi, na kwa vile haukufika vizuri maji mengine yakanywewa na mchanga. Geti lenyewe bado lanuka rangi.

Kosa lilikuwa langu, na nalieleza hapa manake tangu siku hiyo nshaona watu watatu mtaani wakilirudia vile vile. Mume wangu yuko Mombasa kikazi kwa hivyo mafundi nlikuwa nawasimamia mimi, na fundi wa kuchomelea alipouliza "mna gari gani?" nkamjibu Probox. Akasema ah, basi futi 10 zatosha sana. Na kwa Probox kweli zatosha, bodi yake haifiki hata mita 1.7, ukiongeza vioo vya pembeni bado wabaki na nafasi. Lakini Probox ndio gari dogo kuliko yote yatakayotaka kuingia kwako! Kuna lori la maji mifereji ikikauka, kuna lori la kunyonya choo shimo likijaa, kuna Canter ya kuleta mchanga siku ukitaka kuongeza chumba. Lori kubwa lina upana wa kama mita 2.5 na hapo vioo hujavihesabu.

Sasa futi 10 ni kama mita 3.05, kwa hivyo ukiangalia hesabu waona lori lingepita. Na mimi ndo nlivyomwambia dereva, mbona tepu yasema mita tatu? Alinionesha kwa mkono tu. Milango ilikuwa imefungwa bawaba kwenye zile pande za nguzo zinazotazamana, kwa hivyo ukiifungua inasimama wima ndani ya ile ile nafasi, fremu upande huu, fremu upande ule, mpini umetokeza, komeo limetokeza, ukija kupima kile kilichobaki ni mita 2.8 kasoro. Halafu kinjia chetu ni chembamba, lori haliwezi kujinyosha kabla ya kuingia, laja kwa mshazari na mkia wake watafuta nguzo. Ndio nasema geti hupimwa likiwa wazi. Likifungwa kila geti latosha.

Kwa hivyo kabla hujaenda kwa fundi, chomeka fito mbili pale nguzo zitakapokaa, ufunge kitambaa juu zionekane, kisha siku lori la kokoto likija mwambie dereva aingilie katikati yake bila kuziangusha. Mumpe soda. Wakati wa ujenzi watu hujisahau kwa sababu ukuta haujapigwa na malori yaingia popote yanapotaka. Mimi kwa nilivyoona, kama barabara iko wazi na gari laingia moja kwa moja, futi 12 (mita 3.66) ziko sawa. Kama ni vinjia vyetu hivi vya kukata kona nenda futi 14, na kama waweza kurudisha nguzo ndani kidogo kutoka kwenye ukuta, gari lipate pa kugeukia, utashukuru kuliko hata kuongeza upana. Juu ya futi 16 kila mlango ni futi 8 na hapo waanza kupigana na uzito.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisiweke mlango mmoja mkubwa niondokane na shida za mwanya na komeo la katikati. Mlango mmoja wa futi 12 unapofunguka unafagia futi 12 za uwanja wako, na sisi wa ploti za hamsini kwa mia hatuna uwanja wa kuchezea hivyo. Miwili ya futi sita sita inafagia futi sita tu. Hata hizo sita zihesabu na gari likiwa ndani, pima kutoka getini hadi pua ya gari pale linapolala, manake nshaona geti la mtu ambalo gari likiwa ndani halifunguki, mwenyewe akitaka kupokea mgeni wa gari aanze kusogeza lake. Na angalia ardhi pia. Kama kwa ndani panapanda, mlango utakwama katikati ya safari yake, kwa hivyo tumia uzi na pimamaji kwenye njia yote utakayopita mlango, usipime pale chini ya geti peke yake. Mimi geti la kwanza niliacha inchi moja chini ili paka na vifaranga wa watu wasiingie. Kusi likaanza kuvuma, mchanga ukajikusanya pale, ikawa kila asubuhi kabla ya watoto kwenda shule natoka na jembe. La sasa nimeacha inchi tatu. Vifaranga waingie.

Vipimo vya fundi. Hapa nakuomba uwe mkali hata akikukunjia uso. Upana kati ya nguzo na nguzo upimwe mara tatu, chini, katikati na juu, uchukue ule mdogo, kwa sababu nguzo nyingi hazijasimama sawa na timazi hata kama kwa macho zaonekana sawa. Upimwe baada ya plasta. Rafiki yangu wa mtaa wa Barani, fundi alipima mawe yakiwa matupu, plasta ikaja ikala kama sentimita mbili kila upande, geti limeletwa kwa mkokoteni halikai, likarudishwa kukatwa. Ukishapata kipimo toa nafasi za kuchezea, mimi tulitoa sentimita 2 kila upande wa bawaba na 1 katikati, kwa hivyo kwenye sentimita 366 zilibaki 361 na kila mlango ukawa 180 na nusu. Geti la mbao lipe mwanya zaidi, masika ikipiga mbao hufura. Na mlango ukishaungwa pima pembe kwa pembe mara mbili, vipimo vikitofautiana mlango umepinda, urudi kabla ya rangi.

Jambo la pesa pia liko. Shiti ya chuma huuzwa futi 8 kwa 4, kwa hivyo geti la futi 12 ni shiti tatu kamili zikisimamishwa, kila mlango shiti moja na nusu. Ukisema futi 13 ushanunua ya nne, na vipande vitabaki vya kufunikia banda la kuku. Uzito nao ni hivi, shiti ya milimita 1.2 ina kama kilo 9.4 kwa kila mita mraba, kwa hivyo mlango wa futi 6 kwa 7 ni zaidi ya kilo 36 za shiti peke yake, fremu bado. Fundi akikushawishi uende milimita 2 ati ni imara, ni kilo sitini na kitu hizo, zote zimening'inia kwenye bawaba zako. Uimara mkubwa uko kwenye fremu na bawaba.

Na kwenye nguzo. Mawe yetu ya matumbawe ni laini, bawaba ukiipachika kwenye jiwe kwa simiti tu, baada ya muda itang'oka na donge lake. Nguzo iwe na nondo na zege katikati toka kwenye msingi, na chuma cha bawaba kichomelewe kwenye ile nondo kabla zege halijamwagwa. Hii haifanyiki baadaye, muulize aliyevunja nguzo yake. Geti la shiti tupu pia ni tanga, upepo ukija wa kilomita 54 kwa saa mlango mmoja wa kipimo kile unasukumwa kama kwa nguvu ya kilo 50, ndo maana juu ya langu niliacha futi moja ya vyuma vilivyoachana, upepo upite na mimi nimwone anayebisha.

Mamangu asili yake Lamu, huko kisiwani punda ndo gari kwa hivyo hakunisaidia na vipimo, lakini yeye ndiye aliyenikumbusha mfaa. Ile milango ya nakshi ya kule ina ubao wa katikati uliopigiliwa kwenye mlango mmoja, ukifunga unafunika mwanya. Geti la pili nikamwambia fundi nataka mfaa, akacheka, akachomelea bapa la chuma la inchi mbili kwa urefu wote. Sasa hamna anayechungulia. Ila ujue, mfaa ukiwa kwa ndani kule geti linakofungukia, mlango wenye mfaa ndio utakaofunguliwa kwanza na kufungwa mwisho (ukiwa kwa nje ni kinyume chake), kwa hivyo uwe upande ule unaoshukia kwenye gari, usije ukawa wazunguka gari zima kwenye mvua kama mimi miaka miwili ya mwanzo. Mlango wa watu niliutoboa pembeni kwenye ukuta, ule wa kukatwa ndani ya geti waongeza uzito na kila mtoto akitoka geti zima latikisika.

Kutu huku haina dawa, ni kuichelewesha tu. Rangi ya kuzuia kutu ipigwe kabla geti halijapachikwa, hasa pale shiti inapolalia fremu, na zile tyubu za chini za fremu zitobolewe matundu madogo kwa chini maji yatoke, manake tyubu huoza kwa ndani wewe wapaka rangi nje. Bawaba ziweke girisi kila kusi likianza na likiisha.

Kisha lile komeo la katikati linaloshuka chini. Mafundi hutoboa shimo kwenye zege wakamaliza, na huku mchanga wajaza shimo wiki ya kwanza, komeo haliingii tena, geti lakaa linapigapiga usiku kucha. Mwambie azike kipande cha paipu kilicho wazi chini, kikalie kokoto, mchanga upate pa kuangukia. Changu ni cha futi moja na mpaka sasa hakijajaa, ingawa kijana wangu mdogo ashaanza kutia kete za bao.